Hewa Bombani na Kadari ya Mungu

Imani ya mtu haipimwi msikitini wala kanisani peke yake. Hupimwa pia bafuni, alfajiri, pale bomba la maji ya moto linapokohoa mara mbili, likatema hewa, kisha likanyamaza.

Katika nyumba za zamani za Jinja, zile zenye dari za juu na veranda pana zilizojengwa enzi za Waingereza na matajiri wa Kihindi, kisa hiki si kigeni. Fundi bomba huitwa. Anakuja na kipande cha mpira, anaunganisha bomba hili na lile, anafungulia maji, dari inanguruma, na maji ya moto yanarudi. Analipwa, anaagwa kwa shukrani. Mwezi haujaisha, maji yamepoa tena. Baba mwenye nyumba anasema nyumba imezeeka. Mama anasema fundi ni mwizi. Bibi, aliyekwisha kuona mengi, anasema Mungu ndiye ajuaye.

Majibu yote matatu yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja, na ugumu uko hapo hapo. Kwa nini jambo baya hujirudia? Mashehe, mapadri na wanafalsafa walilihangaikia swali hilo karne nyingi kabla ya bomba la kwanza kutandazwa Jinja. Hita mbovu ni mahali pazuri pa kuliuliza upya, kwa kuwa hakuna aliyekufa na yeyote mwenye ngazi anaweza kupanda kuhakikisha.

Basi tupande. Mfumo huu hauna pampu. Tangi la maji baridi limekaa darini au juu ya mnara wa vyuma nje ya nyumba. Maji hushuka kwa uzito wake hadi kwenye silinda ya shaba, yakapashwa moto na umeme. Jinja ilipata umeme mwingi baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Kwingine, badala ya silinda, huwa ni pipa la chuma juu ya moto wa kuni uani. Maji ya moto husukumwa kwenda bafuni na yale ya baridi yanayoshuka nyuma yake. Kinachosukuma ni kimo tu. Mita 10 za kimo hutoa presha ya bar 1 hivi, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya bafu linatoa bar 0.3, wakati bomba la mtaani linaweza kuwa na bar 2 au 3. Presha ndogo kiasi hicho hushindwa na kitu kidogo sana: hewa iliyonasa mahali bomba linapopanda kidogo kisha likashuka tena kabla ya kufika linakokwenda.

Hewa hiyo ina njia mbili za kuingia. Maji baridi hubeba hewa iliyoyeyuka ndani yake, na yakipashwa moto huiachia. Hiyo ni kidogo, na bomba la kupumulia lililosimama juu ya silinda huishughulikia. Njia ya pili ni pana zaidi. Maji ya mtaani yakikatwa siku mbili, nyumba hunywa tangi lote hadi sakafu, mabomba yakabaki matupu na hewa ikaingia bila kizuizi. Siku maji yanaporudi, hujaza kwa kasi kutoka chini na juu, na hewa iliyo kwenye kigongo cha bomba inakosa pa kutokea. Fundi wa mpira huunganisha bomba lenye presha ya mtaani na bomba la maji ya moto, akaisukuma hewa irudi ilikotoka. Kazi yake ni halali na inaleta matokeo. Ila kigongo kiko palepale, na mgao wa maji uko palepale.

Kuna hila nyingine inayowachosha hata mafundi wazoefu. Jikoni kumefungwa koki ya kisasa ya kuchanganyia, maji baridi yakitoka moja kwa moja mtaani na ya moto yakitoka kwenye silinda. Mpira wa ndani ya koki ukichakaa, maji baridi yenye nguvu huvuka upande wa pili, yakapanda kinyumenyume kwenye bomba la moto hadi silindani na hata kulifurisha tangi la darini. Bafu lililo upande wa pili wa nyumba linatoa maji ya uvuguvugu. Fundi anabadilisha koili ya umeme, anabadilisha kidhibiti joto, anabadilisha kila kitu kilicho karibu na malalamiko. Tatizo liko jikoni, na jikoni hakuna aliyelalamika.

Ramani ya nyumba nayo imepotea. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na nyumba za Jinja zikapita mikono mingi: bodi ya serikali ya kutunza mali zilizoachwa, askari, wapangaji, wapangaji wa wapangaji, kisha baadhi ya wenyewe waliorudi baadaye. Kila mpangaji alikata bomba hapa, akaunga pale. Anayejua kwa nini lile bomba la ukutani linapanda kabla ya kushuka huenda amezikwa Leicester, Uingereza.

Ukifuata barabara ya Tirinyi hadi Mbale, chini ya Mlima Elgon, utakuta mfumo uleule umepewa sura mpya. Juu ya hosteli, zahanati na nyumba za wageni zimekaa hita za jua: bapa jeusi lililoinama, na tangi la duara juu yake. Hapa pia hakuna pampu. Maji yaliyopata joto ni mepesi, hupanda tangini. Ya baridi ni mazito, hushuka kwenye bapa. Ndiyo sababu bapa lazima liiname hata Mbale, iliyo kama nyuzi 1 tu kaskazini ya ikweta. Fundi anayelilaza kabisa ili litazame jua la adhuhuri ameua mzunguko aliolipwa kuuanzisha. Na tangi lisipokaa juu ya bapa kwa nafasi ya kutosha, usiku mambo hugeuka: bapa hupoa chini ya anga tupu, maji yake huzama, yale ya moto ya tangini yakavutwa kuja kupoa nayo. Wageni wanaoga vizuri saa 1 jioni na kutetemeka saa 12 asubuhi. Juu ya hayo kuna tope. Mito inayoshuka Elgon, Manafwa ukiwemo, hubadilika rangi msimu wa mvua, na anayejaza tangi lake kutoka huko bila kulisafisha atakuta mashapo yamelala mahali hasa panapotokea maji.

Maji yamepoa, basi, kwa sababu gani? Hewa? Kigongo cha bomba? Mgao? Fundi wa miaka ya 1950 aliyelitandaza bomba hilo? Amin? Kila jibu ni la kweli. Tofauti yao ni kwamba baadhi yake yanaeleza kwa nini maji yamepoa leo, na mengine yanaeleza kwa nini yatapoa tena mwezi ujao. Watu wengi hulipia jibu la kwanza, wakashangaa kukosa la pili.

Bibi aliyesema Mungu ndiye ajuaye ana mawakili wazito. Karibu mwaka 1095, mjini Baghdad, Abu Hamid al-Ghazali aliandika Tahafut al-Falasifa, na katika mjadala wa 17 wa kitabu hicho aliuchukua mfano wa pamba na moto. Tunaona pamba ikiungua inapogusana na moto, alisema, lakini hatujawahi kuona kwamba moto ndio unaounguza. Tunachoshuhudia ni vitu viwili kuandamana. Mtendaji ni Mungu. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu bila kumwonea haya: anayeondoa sababu ameondoa akili, kwa kuwa kazi ya akili ni kuvijua vitu kwa sababu zake.

Wanaomtaja Ghazali ili wasipande ngazi hawajamsoma hadi mwisho. Yeye mwenyewe alijiwekea pingamizi: kama hakuna ulazima baina ya sababu na tokeo, basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani hana uhakika kwamba hakijageuka kijana mtumishi. Jibu lake ni kwamba Mungu ameweka desturi katika uumbaji wake, na ametutia ujuzi kwamba mageuzi ya aina hiyo hayatokei, ingawa yangewezekana. Kwa lugha ya darini: hewa haina uwezo wa dhati wa kuzuia maji, lakini desturi ya Mwenyezi Mungu ni kwamba hewa ikinasa kwenye kigongo, maji hayapiti, na desturi hiyo inajulikana. Ghazali na Ibn Rushd wangegombana usiku kucha juu ya nani anayezuia maji. Asubuhi wangempeleka fundi mahali pamoja.

Tena Ghazali ndiye aliyeandika, katika kitabu chake kingine, Ihya, kwamba utabibu na hesabu, na kazi za mikono kama kilimo na ufumaji, ni faradhi juu ya jamii: akikosekana wa kuzifanya, mji mzima una dhambi. Aliwasuta wanafunzi wa wakati wake kwa kusongamana kwenye fikihi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Msikiti wenye mashehe watano na usio na mtu wa kuziba bomba la udhu unapaswa kuusikia usemi huo kama aibu yake.

Jibu la mama, kwamba kuna mtu nyuma ya jambo hili, nalo lina msomi wake. Mwaka 1937 E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya uchawi miongoni mwa Wazande, ambao wanaishi Sudan Kusini na kuingia kaskazini mwa Kongo. Mfano wake wa ghala umetajwa kila chuo tangu hapo. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza waliojipumzisha kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Hawahitaji mzungu awaambie. Wanachouliza ni kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale. Uchawi unajibu swali la pili bila kulifuta la kwanza. Mtu anaweza kuukataa uchawi na bado akakiri kwamba Wazande wameyatenganisha maswali mawili ambayo wasomi wengi huyachanganya. Kasoro iko kwingine: anayeshughulika na adui pekee hapigi dawa ya mchwa, na ghala la mwaka ujao litajengwa juu ya nguzo zilezile.

Jibu la bibi nalo, la kumwachia Mungu kila sababu, Mbale imewahi kuliishi kwa ukamilifu wake. Mji huo ulikua kutoka kwenye makazi ya Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeiteka sehemu kubwa ya mashariki kwa niaba ya Waingereza na kuchonga barabara zake. Waingereza walipompunguzia mamlaka, alijiunga na dhehebu la Mungu Mmoja Mwenyezi, lililoanzishwa Buganda mwaka 1914 na chifu Joswa Kate Mugema pamoja na Malaki Musajjakawa. Wafuasi wa dhehebu hilo, Wamalaki, walikataa dawa za hospitali na chanjo: Mungu ndiye mponyaji, na kumeza kidonge ni kumwongezea mshirika. Mwaka 1919 Kakungulu alitengana nao juu ya tohara na kuanzisha jumuiya ya Abayudaya, ambayo ipo hadi leo katika kilima cha Nabugoye nje kidogo ya mji. Inashangaza kwamba mtu aliyejua kuwa barabara haijitengenezi kwa dua alivumilia, walau kwa miaka kadhaa, mafundisho kwamba mwili hujitengeneza hivyo. Wamalaki walikosea, lakini hawakuwa wajinga: walikuwa na mantiki kali kuliko wengi wetu. Kama Mungu ndiye sababu ya pekee, dawa haina kazi. Wengi leo husema maneno ya Wamalaki msibani na kuishi kama Ibn Rushd wakiugua, na hawaoni mgongano.

Msiba ndipo swali linapoacha kuwa la bafuni. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, zaidi ya watu 100 wakazikwa hai. Tarehe 11 Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, wilaya hiyohiyo. Mwishoni mwa Novemba 2024 ikawa Bulambuli. Mbele ya majeneza husemwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, na mfiwa anahitaji kusikia hivyo. Hakuna mwenye utu atakayemhubiria kuhusu udongo siku anayomzika mwanawe. Lakini mwaka 2006, miaka 4 kabla ya Nametsi, watafiti walikwisha kuchapisha uchunguzi wao juu ya maporomoko ya Manjiya, eneo ambalo sasa ndilo wilaya ya Bududa: miteremko mikali, udongo wenye mfinyanzi unaoshika maji, mvua nyingi, na watu wanaochimba ukingo wa mlima ili wapate kiwanja cha nyumba. Sababu za msiba kurudi zilijulikana. Familia za kwanza kuhamishiwa Bunambutye, bondeni, zilihama mwaka 2019. Kuyaita hayo mapenzi ya Mungu bila kutaja miaka 13 iliyopita katikati ni kumbebesha Mungu mzigo wa ofisi za serikali.

Historia ya Uislamu ina kisa kinachofaa kusomwa katika mazishi hayo. Karibu mwaka 639 Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham, eneo la Syria, alipopata habari za tauni ya Amwas. Akaamua kugeuza msafara. Abu Ubaida, mmoja wa masahaba wakubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alimweleza kwamba naam, anaikimbia kadari moja ya Mungu kuelekea kadari nyingine ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye upande wa majani na upande wa ukame: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Ugonjwa ni kadari, na kugeuka ni kadari. Hewa bombani ni kadari, na ngazi pia.

Cha ajabu ni kwamba mafakihi walikwisha kufanya kazi ya fundi bomba mwema juu ya maji ya moto yenyewe. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, Mbale ikiwemo, yana mlango juu ya maji yaliyopashwa na jua. Imamu Shafi alisema hayachukii ila kwa upande wa tiba: ilihofiwa yanaleta mbalanga. Waliomfuata hawakuishia kwenye hofu. Waliuliza inatokana na nini, wakajibu kwamba jua kali hutoa ukoga kwenye chombo cha chuma, ukoga ukaganda kwenye ngozi. Kutoka hapo wakaweka masharti: nchi iwe ya joto, chombo kiwe cha madini ya kufuliwa yasiyo dhahabu wala fedha, na maji yatumike mwilini yakiwa bado na moto wake. Maji ya chungu cha udongo hayamo, wala yaliyokwisha kupoa. Sababu ikiondoka, karaha, yaani hukumu kwamba maji hayo yanachukiza kutumiwa, inaondoka.

Kisha akaja Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mwandishi wa Minhaj inayosomeshwa Lamu na Zanzibar mpaka leo. Katika Minhaj aliitaja karaha kama ilivyo katika madhehebu. Alipopima ushahidi wenyewe katika vitabu vyake vingine aliona hadithi iliyotegemewa ni dhaifu, na akaegemea kwamba hakuna karaha. Mwanachuoni alirudi kwenye jambo lililokwisha kufungwa, akakagua chanzo, akakuta hakishiki.

Wapo watakaoharakisha kusema kwamba mafakihi walijua habari za bakteria. Hapana. Bakteria wa Legionella, waliogunduliwa mwaka 1977 baada ya kuua watu hotelini Philadelphia mwaka uliotangulia, huzaliana katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, yawe yamepashwa na jua, umeme au kuni, na hawana uhusiano wowote na mbalanga. Hatari iliyopo si ile waliyoihofia. Kilichobaki cha thamani kwao ni namna ya kuuliza.

Kwa mwanafunzi wa Mbale anayesitasita alfajiri mbele ya bomba lililounganishwa na hita ya jua, hukumu ni nyepesi. Kwa kauli ya Nawawi hakuna karaha, na hata anayeshikilia kauli ya zamani atazame masharti yake kwanza: matangi mengi ya leo yamepakwa utando wa ndani au ni ya chuma kisichoshika kutu, na hofu ya ukoga haina pa kusimama. Maji ni safi na yanasafisha, atawadhe. Msimamizi wa hosteli naye ahakikishe tangi linafika nyuzi 60 kila siku, na yakipoa kabla ya asubuhi, apime kimo cha tangi juu ya bapa kabla ya kuagiza hita nyingine.